Mita mia mbili za mahindi

Kuna mti mmoja wa mwisho nyuma ya shamba la mjomba wangu, huku juu Wundanyi kwenye milima ya Taita, Kenya, mringaringa mzee umeinama kidogo upande wa bonde, na ukishaupita hakuna kitu tena, ni mahindi tu mpaka pale msitu wa ng'ambo unapoanza. Nimekaa chini ya huo mti asubuhi nyingi sana. Na hii stori yote inaanzia kwenye tawi lake la chini, siku moja mwezi wa sita, ukungu bado haujapanda, akaja shore. Si yule shorewanda mnayemjua nyote, wa kwenye uzio na mapapai, huyu ni yule wa msituni, mgongo rangi ya majani makavu, koo jeupe, mkia una wekundu kidogo, na kawaida wanatembea kikundi wakipiga kelele kama jamaa wanaogombania shamba. Huyu alikuwa peke yake na alikuwa kimya.

Alikuja akifuata uzio, kichaka hadi kichaka, akaingia kwenye migomba, akatoka, akapanda mringaringa. Akafika mwisho wa tawi akaangalia mbele. Mbele yake msitu anauona, mimi pia nauona, mita mia mbili hivi, nilikuja kuzipima kwa hatua baadaye. Mbayuwayu anamaliza huo umbali kabla hujapiga chafya. Huyu shore alikaa. Akashuka tawi, akapanda tena, akageuza kichwa huku na huku, akafungua mabawa kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuingia mto wa baridi, akayafunga. Kama dakika ishirini hivi nilikuwa namwangalia, chai yangu imeshapoa kwenye thermos. Mwisho akarudi alikotoka, kichaka hadi kichaka.

Sisi tumelelewa tukiamini ndege hana mpaka. Ana mabawa, anaenda anakotaka, hata msitu ukikatwa atahama tu aende kwingine, hiyo kauli nimeisikia kwenye baraza, nimeisikia kwenye matatu, na hata mimi niliiamini mpaka nikiwa mtu mzima kabisa. Sasa nasema wazi, siyo kweli. Kwa ndege wengi wa ndani ya msitu siyo kweli hata kidogo, na kwa sababu tunaiamini tumewafungia ndege wetu kwenye vijisitu kama watu waliowekwa kwenye visiwa bila mtumbwi.

Kwa wasiojua kwetu, milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya ule mlolongo wa milima ya kale inayoanzia huko kusini mwa Tanzania, Udzungwa, Uluguru, Usambara, Pare, halafu inaishia kwetu. Ukiwa kwenye barabara ya Mombasa pale Voi unaiona imesimama peke yake katikati ya nyika kavu ya Tsavo. Upepo unatoka bahari ya Hindi, unagonga milima, unaacha ukungu, na huo ukungu ndio uliotengeneza msitu. Zamani msitu ulikuwa blanketi. Leo ni viraka: Mbololo ng'ambo ya bonde lake, halafu huku Dawida, mlima wetu mkuu, kuna Ngangao, Chawia, Vuria kule juu kabisa kwenye minara ya simu, mita 2,208, na vingine vidogo sana ambavyo ukiwa na haraka unavipita bila kujua umepita msitu, Fururu, Ndiwenyi, Macha, Mwachora, vya ekari chache tu. Katikati ya hivyo viraka tuko sisi. Mahindi, maharagwe, viazi, nepia ya ng'ombe, shule, kanisa, nyumba ya mabati, barabara ya vumbi.

Na silaumu watu kulima, tafadhali mnielewe. Ardhi yenye mvua ni kidogo na watu ni wengi, huko chini nyikani ni jua na ndovu. Nyanya yangu alisomesha watoto saba kwa sukuma wiki na maharagwe ya shamba ambalo babu yake alikuta ni msitu. Nakula matunda ya ule ukataji mpaka leo.

Lakini wacha nieleze kwa nini yule shore alirudi, juu nimeliuliza hili swali miaka mingi.

Ndege wa chini ya msitu, wale wanaoishi kuanzia kwenye majani yaliyooza mpaka kimo cha mtu hivi, wamekaa kwenye kiza kizazi baada ya kizazi. Msitu wa milima yetu haukuwa na kiangazi cha kuwafukuza wala baridi ya kuwahamisha, kwa hiyo hakuna siku mababu zao walihitaji kwenda mbali. Mabawa yao ni mafupi na ya mviringo, mazuri kwa kukata kona kati ya matawi, si ya safari. Macho yao yamezoea mwanga hafifu, ukimtoa ghafla kwenye jua la saa nne ni kama wewe kutoka kwenye chumba cha giza kuingia uwanjani. Na kule juani kuna kipanga. Ndani ya msitu anajua ajifiche wapi, juu ya mahindi hana pa kujificha, na kikundi chake chote cha kumpigia kelele za onyo kiko nyuma. Kwa hiyo kwake zile mita mia mbili ni kama bahari.

Kama unadhani naongeza chumvi, huko Panama walijaribu. Walipojenga ule mfereji wa meli, mto Chagres ukazuiwa, bonde likajaa maji likawa ziwa la Gatún, na vilele vya vilima vikabaki visiwa. Miaka ikapita, na kwenye kisiwa cha Barro Colorado ndege wa msitu wakawa wanatoweka jamii moja baada ya nyingine ingawa hakuna aliyekata mti pale. Sasa watafiti wakawachukua ndege wa msituni kwa boti wakawaachia juu ya maji, mita mia moja kutoka ufukweni na mbali zaidi, matokeo yakatoka 2008. Jamii zingine walifika bila shida. Zingine hata mita mia moja ziliwashinda, wakaishia majini. Ndege mzima, mwenye afya, mabawa yote mawili, hawezi kuruka urefu wa uwanja wa mpira. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka shore wangu na nikajua hakuwa mwoga, alikuwa anajua mwili wake.

Sasa nije kwa yule ninayempenda kuliko wote. Wazungu wanamwita kwa jina la kwetu, ndege wa Taita, ni jamii ya mkesha, kichwa cheusi, tumbo jeupe, ubavuni rangi ya kutu, mdomo na duara la jicho rangi ya chungwa lililoiva kabisa. Dunia nzima yuko hapa tu. Mbololo, Ngangao, Chawia na kipande kidogo cha Yale, basi. Anatembea chini akipindua majani makavu kutafuta wadudu, unamsikia kabla hujamwona, krash, krash, kimya, krash.

Nilimshika mara moja mkononi. Nilikuwa kijana nabebea watafiti mizigo, kazi ya kibarua tu, kuamka saa kumi usiku, kufungua neti kabla mwanga haujaingia, zile neti nyembamba nyeusi ambazo hata wewe mwenyewe unaweza kutembea ukaingia ndani. Kila nusu saa unapita neti zote, ukimkuta ndege unamtoa polepole, miguu kwanza, halafu bawa, halafu kichwa, unamtia kwenye kifuko cha kitambaa. Siku hiyo mkubwa wangu alikuwa amejaa mikono akaniambia mshike huyu. Shingo yake kati ya vidole viwili, mgongo kwenye kiganja, hivyo tu, bila kubana. Nilishangaa vile ni mwepesi halafu vile ni wa moto, na moyo unapiga haraka mpaka huwezi kuhesabu, ni kama mtetemo wa simu. Wakapima mguu wa kushoto, wakaandika. Wakapima wa kulia, wakaandika. Nikauliza kwa nini mnapima miguu yote miwili si iko sawa? Akanijibu, hilo ndilo swali lenyewe.

Ikaja kuonekana haiko sawa. Kuanzia miaka ya 90 timu ya kina Luc Lens kutoka Ubelgiji, wakishirikiana na makumbusho yetu ya kitaifa, walipima ndege wa jamii saba kwenye viraka mbalimbali, na kadiri kiraka kilivyoharibika ndivyo mguu wa kushoto na wa kulia ulivyozidi kutofautiana. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, jicho halioni, ni kifaa tu. Lakini maana yake ni kwamba kile kifaranga kilikua kwenye dhiki, mwili ukashindwa kufuata ramani yake vizuri. Mbololo msitu bado ni mzuri na ndege wako sawa zaidi. Chawia ambako miti mikubwa ilikatwa sana ndiko kulikuwa kubaya. Na Chawia hao ndege wa Taita walikuwa wachache, hesabu za miaka hiyo ni chini ya hamsini, na kati ya hao madume wengi kuliko majike. Dume anaimba asubuhi na jioni, anatetea kipande chake cha msitu, anafanya kila kitu alichofundishwa na damu yake, na jike hayuko. Yuko Ngangao. Kilomita chache tu, unaenda kwa bodaboda ukarudi kabla ya chai.

Hicho kinaniuma mpaka kesho.

Walipoangalia damu yao wakaona hivyo hivyo, ndege wa Mbololo, wa Ngangao na wa Chawia hawachanganyikani vya kutosha, kila msitu umeshaanza kuwa ukoo wake wenyewe. Mbololo naelewa, kuna bonde la chini kame kati yake na Dawida, hata zamani huenda halikuwa rahisi kuvukwa. Lakini Ngangao na Chawia ziko kwenye mgongo mmoja wa mlima. Hapo kilichoingia kati ni sisi.

Mwaka 2002 walitoa matokeo makubwa kwenye jarida la Science kuhusu ni nani anabaki na nani anapotea kwenye hivi viraka vyetu, na jibu likawa na miguu miwili. Kwanza, ndege anayeweza kuhama kati ya viraka, pili, ndege anayeweza kuvumilia msitu ulioharibika. Ukiwa na vyote viwili unaishi. Ukikosa vyote viwili, kiraka chako kikipata shida huna pa kwenda na hapo ulipo huwezi kukaa. Kwa lugha ya kwetu, huyo ndege hana shamba la pili wala nauli.

Na kuna jambo watu hawalioni: ndege hawafi siku msitu unapokatwa. Wanabaki. Utaingia kijisitu cha ekari tano utasikia ndege wanaimba utasema mbona wapo. Wapo, lakini wanazeeka, viota vinaliwa na nyoka na nyani kwa sababu kila mahali ni ukingoni, wakifa hakuna anayekuja kuziba pengo kutoka nje. Ni deni. Msitu ulikatwa enzi za babu zetu na bili inaletwa kwetu. Yule ndege mwingine wetu, mdogo, mweupe chini na uso mweusi, apalisi wa Taita, ambaye naye hayuko kokote duniani isipokuwa hapa Dawida, sasa yuko kwenye kundi la wale walio hatarini kabisa kutoweka, hatua moja tu kabla ya kwisha. Nikiwa mdogo hakuna aliyetuambia shuleni. Tulikuwa tunachora twiga.

Haya, sasa sehemu ambayo naitaka zaidi, kwa sababu kilio bila kazi hakisaidii.

Ukiangalia picha za zamani za mlima zilizopigwa kutoka angani 1955 ukalinganisha na za 2004, kama walivyofanya kina Petri Pellikka wa chuo kikuu cha Helsinki, msitu wetu wa asili ulipungua kwa nusu. Nusu nzima, ndani ya miaka hamsini. Lakini ukihesabu miti yote kwa jumla haikupungua sana, kwa sababu tulipanda misonobari, saipresi, mikaratusi. Kwa hiyo mlima kwa mbali bado ni kijani. Mgeni anapiga picha anasema pazuri. Swali ni, huo ukijani mpya ndege anaweza kuupita?

Jibu ni inategemea, na hapo ndipo tumaini langu lilipo. Wale shore wa msituni, watafiti waliwafunga redio ndogo kabisa mgongoni, wakawabeba wakawaachia mbali na kwao kisha wakawafuata na antena mabonde na milima, wapate kujua ndege anayetaka kurudi nyumbani anapita wapi. Hawakunyoosha. Walitafuta miti. Kijisitu, kichaka cha mtoni, hata shamba la miti ya kigeni, wanaitumia kama mawe ya kukanyaga ukivuka mto. Hata Brazil karibu na Manaus, ambako tangu 1979 wamekuwa wakifuatilia vipande vya msitu vya hekta moja, kumi, mia moja, ndege walitoweka kwenye vipande vidogo, lakini pale malisho yalipoachwa na vichaka vikarudi katikati, wengine walirudi bila kubebwa na mtu. Kwa hiyo siyo lazima urudishe msitu wote. Kitu kinachoamua ni kile kilichopo katikati. Yaani shamba langu na lako.

Msonobari uliokomaa ambao chini yake pameachwa vichaka viote, ndege wa msitu anaingia. Mkaratusi uliofagiliwa chini, kila kitu kikavu, hawapiti wengi pale, hauna tunda, hauna wadudu wa maana, hauna kivuli kizito. Watu wangu wakiniuliza nipande nini huwa nasema mkuyu kando ya maji, mringaringa kwenye mpaka wa shamba, mwiria kwa subira. Na acheni vichaka chini yake, msifagie kama uwanja wa harusi.

Kwa sababu ndege naye anapanda. Shorobo, yule mkubwa wa kijani anayefungua mabawa mekundu kama kanga mpya, huyo anathubutu kupita juu ya mashamba na mbegu tumboni. Ndege wa Taita anameza matunda na kuangusha mbegu karibu karibu. Huko Usambara Mashariki, Norbert Cordeiro na mwenzake Howe walionyesha 2003 kwamba kuna mti wa asili wa kule, kwenye vipande vidogo vya msitu ndege wanaobeba mbegu zake wamepungua, mbegu zinabaki chini ya mama yao na miche mipya inakuwa michache. Mti mzima umesimama, unazaa, na hauna mjukuu. Huko huko Usambara ndiko waliweka ushoroba wa Derema, wakulima wa iliki wakaondoka na kulipwa fidia ili misitu iungane, na ile fidia ilileta maneno mengi, na nawaelewa wakulima, iliki ni ada ya shule. Mimi naamini njia ya kwetu iwe nyingine, mstari wa miti kwenye shamba la mtu huku mtu yupo.

Najua inavyouma pia ikishindikana. Kando ya kijito chetu kulikuwa na miti ya asili, mikuyu minne na mingine ambayo majina nayajua kwa Kidawida tu, ilikuwa inaungana mpaka karibu na msitu. Akaja mtu wa kampuni moja anatafuta nguzo, akawaambia majirani mkaratusi ndio pesa, miaka minane tu. Mistari ikakatwa wiki moja. Mimi nilikuwa Mombasa kwa kazi, nikapigiwa simu jioni, nikarudi Jumamosi nikakuta visiki bado vinatoa maji. Mkaratusi ukapandwa, kijito kikapungua, huyo mtu wa nguzo hakuonekana tena. Ule mringaringa wa mwisho ulibaki kwa sababu mjomba alikataa, alisema amezaliwa akiukuta.

Basi tukaanza tena. Miche mia moja na ishirini kutoka kitalu cha kina mama hapa juu, tukapanda mvua za vuli, mbuzi wakala thelathini, tukarudishia. Sasa ni mwaka wa tano. Mikuyu imenipita kimo mara mbili, chini kumeota vichaka ambavyo shangazi yangu alitaka kufyeka na nikamwomba sana mpaka akakubali. Mstari unatoka kwenye mringaringa unaingia kwenye mahindi kama kidole kinachoelekeza, unafika zaidi ya nusu, halafu unakatika kwenye mpaka wa jirani.

Wiki mbili zilizopita nilikaa pale tena. Saa kumi na mbili na robo nikasikia zogo lao, wako watano au sita. Wakaja mringaringa. Mmoja akashuka kwenye mkuyu wa kwanza, akapekua majani, akapata kiwavi, akakigonga gonga kwenye tawi. Wengine wakamfuata. Wa pili, wa tatu, nikawa siwezi kupumua vizuri. Walifika kwenye mti wa mwisho kabisa wa mstari na hapo wakakaa, wakilalamika, mmoja anaangalia ng'ambo, karibu nusu saa. Kisha wakarudi wote.

Nilihesabu hatua zilizobaki kutoka ule mti mpaka ukingo wa msitu: themanini na mbili. Nilimfuata jirani siku hiyo hiyo jioni, nikamkuta anakamua ng'ombe, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa, shore, na dume wa Chawia, na wale wa kwenye boti. Alinyamaza akaendelea kukamua. Halafu akauliza mkuyu unakula nafasi kiasi gani kwa mahindi. Tukaenda kupima na kamba kabla giza halijaingia. Amesema avune kwanza.